Naomba ushauri: je, nimwache pimbi apande mgongo wa mamba?

Mwalimu wa Awali:
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninafundisha darasa la awali katika shule iliyo karibu na ziwa hapa Mwanza, na ninaandaa kitabu kidogo cha picha kuhusu wanyama ambao hakuna anayetarajia wawe marafiki. Katika rasimu yangu, pimbi wa kwenye mawe ya ufukweni anabebwa na mamba hadi kisiwa cha Saanane, na katika safari hiyo anajifunza kumwamini mwenzake. Watoto waliifurahia sana. Hata hivyo, mzazi mmoja, ambaye ni mvuvi, alinifuata na kuniambia kwa upole kwamba binti yake huchota maji ziwani kila asubuhi, na hataki mtu amwambie mtoto huyo kuwa mgongo wa mamba unapandika. Je, nibadilishe mnyama, au niamini kwamba watoto wanajua kutofautisha hadithi na maisha?

Mstaafu wa Mwaloni:
Mwalimu, mzazi huyo ana haki. Kuna watoto wanaomjua mamba kwa picha tu, lakini wa kwetu huweza kukutana naye wakiwa na ndoo mkononi. Tena, hata tukiweka usalama kando, mamba wako hajafanya lolote la kumfanya aaminiwe. Hakumla pimbi, basi, na kutoliwa si urafiki. Linganisha na ile hadithi ya pwani ya kima na papa. Kima alimtupia papa matunda siku baada ya siku, lakini papa alipombeba mgongoni alikuwa anaupeleka moyo wa kima ukawe dawa ya sultani, na kima aliokoka kwa kudai kwamba moyo ameuacha mtini. Wasimulizi wale walijua kwamba anayekubebea katikati ya maji ndiye mwenye amri juu yako. Ukitaka safari hiyo ibaki, mwonyeshe mtoto kwanza kwa nini pimbi alikubali kupanda.

Mama Wawili:
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, ninaona tukimwondoa kila mnyama mkali tutabaki na vitabu vya kuku na bata. Wanangu wanampenda Owen, yule mtoto wa kiboko aliyetenganishwa na kundi lake karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akapelekwa Haller Park, Mombasa, na huko akamng'ang'ania kobe wa Aldabra aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi. Kinachowavutia zaidi ni kwamba mwanzoni kobe hakumtaka, alikuwa akimkwepa, na kiboko akaendelea kumfuata. Nao hawajawahi kuniomba wakamshike kiboko.

Mstaafu wa Mwaloni:
Marahaba, binti yangu. Lakini angalia kwamba Owen ndiye aliyekuwa na shida, na mwenye shida ndiye aliyeomba. Katika rasimu ya Mwalimu, aliye dhaifu ndiye anayetakiwa kumwamini mwenye meno.

Mwongoza Watalii:
Mwalimu, mbona mnavuka maji kutafuta rafiki, na pimbi unaye tayari juu ya jiwe? Kwenye miamba ya Serengeti kuna aina mbili za pimbi wanaoishi pamoja, wanaolala katika nyufa zilezile na watoto wao wakicheza pamoja. Aina moja hula zaidi majani ya ardhini, nyingine majani ya miti, kwa hiyo hawagombanii chakula. Tai akitokea, atakayemwona hupiga kelele na wote hukimbilia mashimoni. Kama hao wanafanana mno kwa kitabu cha picha, mchukue mjusi wa mawe yetu, yule mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, ambaye jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae. Huota jua juu ya mawe kama pimbi, na hakuna anayemla mwenzake.

Mwalimu wa Awali:
Nawashukuru nyote, mzee, shikamoo. Nimeamua mamba abaki, lakini abaki majini akiwa mamba, na urafiki uwe wa pimbi na mjusi. Siku ya kwanza pimbi atapiga kelele na mjusi hatamjali, kwa kuwa wageni wengi hupenda kujitia umuhimu. Kivuli cha tai kitakapopita juu ya jiwe, mjusi atakimbia amechelewa na kuacha kipande cha mkia. Tatizo langu sasa ni upande wa pili: mjusi naye atamwonyaje pimbi, na hana sauti?

Mwongoza Watalii:
Mjusi huyo hutikisa kichwa juu na chini, hasa dume akiwa na mpinzani. Kwenye hadithi, mpe mtikiso wa aina nyingine kwa hatari, na pimbi auelewe vibaya mara ya kwanza, adhani anasalimiwa.

Mwalimu wa Awali:
Naye aitikie salamu hiyo kwa adabu zote, huku mamba akisogea nyuma yake. Ukurasa huo nitauandika usiku huu.