Gemu za risasi na damu za mtindo wa zamani: nazipenda, zinanichosha, naomba ushauri

Taa ya Kibatari:

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari za jioni.

Nina miaka 33, kazi yangu ni ya hesabu. Nikirudi nyumbani akili imechoka lakini usingizi bado. Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM GB 4, hizi gemu mpya haiziwezi kabisa. Miezi miwili iliyopita nikanunua DUSK, ile ya mwaka 2018 iliyotengenezwa makusudi ifanane na gemu za miaka ya tisini. Ikakubali. Unaanza chini ya nyumba, mikononi una miundu miwili, na watu waliofunika vichwa wanakujia na chenso. Hakuna wa kukufundisha kutembea, hakuna hadithi ya dakika kumi kabla ya kushika silaha. Ni kukimbia, kukwepa na kupiga. Wallahi sijafurahia gemu namna ile tangu nikiwa shule ya msingi.

Nikamaliza, nikanunua nyingine ya aina hiyohiyo. Jina nalihifadhi. Damu imezidi mara tatu, bunduki zinanguruma, muziki wa magitaa makali mwanzo mwisho. Siku mbili za kwanza nikaona raha, ya tatu nikawa nafungua gemu kama mtu anayekwenda zamu. Juu ya hayo, baada ya nusu saa kichwa kinauma na tumbo linachafuka.

Maswali yangu: kwa nini ile ilinishika na hii imenitoka? Kichwa nifanyeje? Na la tatu ndilo linalonikosesha raha. Mpwa wangu wa miaka 10 tunaishi naye, nimemkuta nyuma ya kiti changu mara mbili, ananiuliza "mjomba, yule amepasukia wapi?" Mnashauri nini?

Mkono Mwepesi:

Kichwa kwanza, maana hilo ni rahisi. Ingia kwenye mipangilio, zima kuyumba kwa kamera pale mhusika anapokimbia, na silaha nayo izuie isichezecheze. Kisha panua uwanja wa kuona hadi nyuzi 90 au 100. Ukiuacha mwembamba ni sawa na kukimbia huku unachungulia kwenye bomba. Kama laptopu inakwama-kwama, punguza ukubwa wa picha mpaka itiririke. Washa taa ya chumbani, sogea nyuma kidogo, na tumbo likianza tu, zima. Usijikaze, ukijikaza ndiyo inazidi.

Fundi Vitufe:

Mkuu, swali lako la kwanza nimeishi nalo miaka mingi, niruhusu nirefushe.

Rudi kwenye Doom, gemu ya kampuni ya id Software iliyotoka Desemba 1993. Watu wanakumbuka damu na mashetani, na kweli vilikuwepo. Lakini icheze leo kwa utulivu uangalie mikono yako inafanya nini. Hujazi risasi upya, hujifichi nyuma ya ukuta kusubiri afya irudi. Yule shetani wa kahawia akikurushia moto, unauona unakuja, una muda wa kupiga hatua pembeni. Lile dubwana jekundu la mviringo lenye jicho moja unalitambua ukiwa upande wa pili wa ukumbi. Kila kiumbe ana umbo lake, rangi yake na mlio wake anapokuona, kwa hiyo ukiingia chumbani unakisoma chumba kwa sekunde moja: nani wa kumpiga kwanza, nani wa kumkwepa, silaha ipi. Na ukimfanya mmoja ampige mwenzake kwa bahati mbaya, wanageukiana wenyewe kwa wenyewe. Hiyo ndiyo raha yenyewe. Ni kama draft inayochezwa mbio.

Damu ina kazi humo ndani, inakujulisha kwamba umelenga. Picha zile zilikuwa za vidotovidoto vikubwa, huoni jeraha, kwa hiyo lile tone jekundu na mlio ni risiti yako. Bunduki ya mitutu miwili iliyokuja na Doom II mwaka 1994 inapendwa hadi leo kwa sababu ya uzito wake: unapiga, kimya kidogo, inafunguka, inafungwa, unapiga tena. Katika ule ukimya uko uchi. Unatakiwa uwe umeshajua utasimama wapi.

Sasa waigaji wengi wamechukua risiti wakaacha bidhaa. Wanaongeza damu, wanaongeza kelele, halafu ramani yao ni moja tu: unaingia ukumbini, mlango unafungwa nyuma yako, maadui wanamwagwa kwa mafungu, wakiisha mlango unafunguliwa. Ukumbi wa pili vilevile, wa ishirini vilevile. Kingine, wanarundika moshi, cheche na vipande vya nyama juu ya picha ya vidoto hadi huoni nani anakupiga. Kile chumba kilichokuwa kinasomeka kimegeuka uji.

DUSK imekushika kwa sababu inajua kunyamaza. Kumbuka yale mashamba ya mwanzoni, kuna mahali unasikia upepo tu. Halafu mtengenezaji wake, David Szymanski, habaki palepale. Sehemu ya kwanza ni mashambani, ya pili viwandani na maabara, ya tatu ni mji usio na jina. Kila ukizoea anakuvuruga.

Kaka Pwani:

Naungana na Fundi, ila tusizifanye zile za zamani kuwa malaika. Blood ya 1997 naipenda mno, zile baruti za kurusha hazijapata mpinzani, lakini wale wafuasi wa dhehebu wenye bunduki wanakupiga papo hapo wakikuona. Risasi haionekani, hakuna cha kukwepa. Unakufa, unarudia, unajua sasa yuko kona ile, unampiga. Hapo umekariri tu. Na kutafuta funguo! Nyekundu, buluu, njano. Maadui wameisha, wewe unazunguka korido tupu dakika ishirini unagusa kuta. Ion Fury ya 2019, iliyotengenezwa kwa injini, yaani programu ya msingi, ileile ya gemu ya zamani Duke Nukem 3D, imerithi uzuri huo na maradhi hayo. Ramani zake ndefu na zimenakshiwa kwa upendo mkubwa, lakini kadi ya mlango nimeitafuta hadi chai ikapoa.

Ukitaka kitu cha tofauti, kuna HROT, imekamilika 2023. Mtu mmoja ameitengeneza kwa lugha ya kompyuta iitwayo Pascal, mambo yanatokea Chekoslovakia ya mwaka 1986. Rangi zote ni kijivu na kahawia, ina huzuni ya ajabu, na mashine ndogo inaiweza.

Mama Wawili:

Kaka Taa, mimi nazicheza pia, nimeanza na Quake ya kaka yangu, kwa hiyo sikuhukumu. Ila kwa mtoto nitasema wazi. Miaka 10 ni mdogo. Marekani Doom imewekewa alama ya kuanzia miaka 17, na Ujerumani iliiweka kwenye orodha ya vitu vinavyodhuru watoto tangu 1994 hadi 2011. Sisi wakubwa tunaona vidoto vyekundu, tunasema ni risiti, kama Fundi anavyoeleza vizuri. Mtoto anaona mtu amepasuka na mjomba wake anatabasamu.

Usimfukuze kwa ukali, maana utaifanya iwe tunda la mti uliokatazwa. Wanangu niliwapa muda wao: saa moja ya gemu yao, nakaa nao, nacheza nao kweli, za mbio za magari na mpira. Zangu nazifungua wakilala, mlango umefungwa, vipokea sauti masikioni. Na swali lake mjibu. Mwambie ni mchoro, hii ni ya wakubwa, na mjomba amekosea kuiacha wazi. Mtoto akisikia mkubwa amekiri kosa, anaelewa kwamba jambo ni zito.

Taa ya Kibatari:

Dada Mama Wawili, maneno yako yamenifika. Nimezungumza naye jana, nimemwambia hivyohivyo. Akaniuliza, "Kwa hiyo tucheze ya mpira?" Tumecheza, kanifunga.

Fundi, sasa najua nilichokuwa nakitafuta. Kabla sijatoa hela nyingine, je, ile Doom yenyewe laptopu yangu itaiweza?

Fundi Vitufe:

Itaiweza bila jasho. Sehemu ya kwanza, levo 9, iligawiwa bure na wenyewe tangu 1993, ni halali kabisa. Ni ndogo, bando halitahisi. Pakua na programu ya Crispy Doom ya kuiendeshea, humo unaweza kuzima kule kuyumba. Cheza levo moja kwa usiku, mbili ukizidisha. Hizi gemu hazikutengenezwa kuliwa kwa mkao mmoja.

Taa ya Kibatari:

Mrejesho wakuu. Usiku wa nne huu, kichwa hakijauma. Nimemaliza levo ya 3, skrini ya mwisho inaniambia maadui nimewamaliza wote, lakini siri nilizozipata hazifiki hata nusu. Nimepitwa na nini?

Kaka Pwani:

Umepitwa na mlango mzima! Levo ya 3 ina njia ya pili ya kutokea, ya siri, inakupeleka levo ya 9. Rudi, bonyeza Tab uangalie ramani, na pale unapoona ukuta haufanani na wenzake, usiuache bila kuugusa. Sikuambii ni upi.