Ulinganisho: dhahabu, mseto, kijani au almasi? Makala isomwe bure bila kukufilisi

Mchambuzi_Ubungo (mtoa mada)
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye mswada mkononi na mfuko mtupu. Njia zinazotajwa za kufanya makala iwe huria, yaani isomwe bure mtandaoni, ni nne. Dhahabu: jarida lote ni huria, na mwandishi au mfadhili wake analipa ada ya uchapishaji, ile APC. Mseto: jarida ambalo msomaji au maktaba hulipia, lakini linakuuzia uhuria wa makala yako moja. Kijani: unachapisha bila kulipa kwenye jarida la kulipia, kisha unaweka nakala yako kwenye repozitori (hifadhi ya mtandaoni) ya chuo. Almasi: halipi msomaji wala mwandishi.

Kwa bei ni mbingu na ardhi. Nature walipoanza kuuza uhuria mwaka 2021 waliweka Euro 9,500 kwa makala moja, zaidi ya shilingi milioni 20. Kijani ni sifuri. Msimamo wangu: mtafiti wa Dar asiye na ruzuku aanze na kijani. Dhahabu iwe pale tu msamaha wa ada umethibitishwa kwa maandishi. Mseto usiguse kabisa. Anayepinga aje na sababu.

MkutubiWaZamu
Kwa sehemu kubwa niko na wewe, ila hapo kwenye msamaha pana mtego. Wachapishaji hawatumii orodha moja. Wapo wanaofuata makundi ya Research4Life, mpango unaozipa nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, na humo Tanzania iko Kundi A, kwa hiyo ada hufutwa yote. Wapo wanaofuata mgawanyo wa Benki ya Dunia, na huko Tanzania ilihamia kipato cha kati cha chini Julai 2020, hivyo unaweza kuambulia punguzo la nusu tu. Nusu ya dola 2,000 bado ni dola 1,000, na hiyo si nauli ya daladala.

Kwa hiyo usiwaulize kama wana msamaha, watajibu ndiyo. Uliza wanatumia orodha ipi, na wanaangalia nchi ya nani. Baadhi huangalia mwandishi wa mawasiliano (anayeandikiana na jarida) peke yake, wengine huangalia waandishi wote. Ukiwa na mwenza wa Sweden, msamaha unaweza kuyeyuka. Na uombe siku ya kuwasilisha mswada, kwenye ukurasa ule ule wa mfumo unaouliza nani atalipa. Ukingoja mpaka barua ya kukubaliwa, wengi hawakusikilizi tena.

Majarida mseto kwa kawaida yako nje ya misamaha hii. Ila kuna mlango wa pembeni: EIFL, shirika la kimataifa linalojadiliana na wachapishaji kwa niaba ya maktaba. Maktaba za Tanzania zimo humo kupitia COTUL, umoja wa maktaba za vyuo na utafiti nchini, na EIFL ina mikataba na wachapishaji inayofuta au kupunguza ada, mingine hadi kwenye mseto. Ingia tovuti yao, fungua mkataba mmoja mmoja, tazama kama Tanzania imetajwa na mkataba unaisha lini. Wakati wa kuwasilisha andika jina la chuo kama linavyojulikana rasmi na utumie barua pepe ya chuo. Ukiweka Gmail na kifupi cha idara, mfumo unaweza usikutambue, na ankara ikaja nzima nzima.

BiTakwimu
Mtoa mada, "mseto usiguse" umezidisha. Jarida mseto si lazima ulipe. Makala ikikubaliwa inakuja fomu ya haki yenye chaguo mbili: huria kwa ada, au usajili bila ada (msomaji ndiye analipia). Chagua usajili, usilipe hata senti, halafu pita njia ya kijani. Watu wanaumia kwa sababu wanabofya "huria" wakidhani ni jambo jema la bure, wanasaini leseni, na wiki moja baadaye ankara iko kwenye barua pepe. Kuibatilisha fomu iliyosainiwa ni kazi. Kabla ya kubofya, tafuta neno la fedha kwenye ukurasa huo. Kama lipo hata kwa herufi ndogo, simama.

Fundi_Repozitori
Wengi wanaisifu kijani bila kujua inavyofanya kazi, kisha maktaba inakataa faili lao. Kila kitu kinategemea *toleo*. Makala moja ina matoleo matatu: lililowasilishwa (kabla ya wapitiaji), lililokubaliwa (baada ya marekebisho yote, kabla mchapishaji hajalipanga) na lililochapishwa (lenye nembo ya jarida na namba za kurasa). Sera nyingi za kijani zinaruhusu la pili. Watu wanaleta la tatu, kwa kuwa ndilo linalopendeza. Toleo lililokubaliwa ni lile faili la Word lisilo na mvuto, mistari imeachana, majedwali yako mwishoni. Hilo ndilo unalohitaji.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Chukua ISSN (namba ya utambulisho) ya jarida, iingize Sherpa Romeo, tovuti ya kutafutia sera za majarida, ambayo sasa Jisc wanaiita Open Policy Finder. Itakuonyesha kila toleo linaruhusiwa kuwekwa wapi, kwa leseni gani, na baada ya miezi mingapi. Zuio, yaani muda wa kusubiri kabla ya kufungua faili, hutofautiana sana kwa wachapishaji: Sage na Emerald hawaweki zuio kwa toleo lililokubaliwa, Springer kwa kawaida ni miezi 12, na Elsevier hutegemea jarida, mara nyingi kati ya 12 na 24. Siku hizo zinahesabiwa tangu makala ichapishwe mtandaoni, si tangu barua ya kukubaliwa. Hapo ndipo hesabu nyingi zinapopinda.

Usisubiri zuio liishe ndipo ulete. Leta faili wiki ile ile. DSpace, programu inayoendesha repozitori nyingi, ina sehemu ya tarehe ya kufunguliwa: jina la makala, waandishi na muhtasari vinaonekana leo, faili linajifungua lenyewe siku ikifika. Ukisema "nitaleta mwakani", mwakani kompyuta imeshabadilishwa.

Juu ya ukurasa wa kwanza andika mistari mitatu tu: kwamba hili ni toleo lililokubaliwa, jina la jarida na mwaka, na DOI (kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni) ya toleo lililochapishwa. Wa Elsevier waongeze leseni ya CC BY-NC-ND (kusambaza kwa kumtaja mwandishi, bila biashara wala kubadilisha), ni sharti lao. Toa PDF moja kwa moja kutoka Word. Usichapishe kwenye karatasi kisha uiskani, kwa sababu Google Scholar inahitaji maandishi yanayosomeka na mashine. Faili lisizidi MB 5, ndicho kikomo chao. Likizidi, mara nyingi mkosaji ni picha au ramani moja. Ipunguze hiyo, usiguse maandishi.

Mchambuzi_Ubungo
BiTakwimu, nimekubali, nafuta "usiguse". Sasa vipi ResearchGate, ule mtandao wa kijamii wa watafiti, na magrupu ya WhatsApp? Ndiko makala zinakosambaa kweli.

Wakili_Posta
ResearchGate si repozitori ya chuo. Ni kampuni ya biashara, na sera nyingi zinaitenga kwa jina au kwa aina. Elsevier na ACS (chama cha wanakemia cha Marekani) waliishtaki, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2023, ambapo mfumo sasa unachuja kinachopakiwa. Ukipandisha toleo lililochapishwa la jarida la kulipia bila leseni huria, litaondolewa. Kama makala yako ina leseni ya CC BY (inayoruhusu kusambaza mradi mwandishi atajwe), pandisha popote unapotaka, hata kwenye grupu la ukoo.

WhatsApp: tuma kiungo, si PDF. Elsevier humpa mwandishi kiungo kinachofungua makala bure kwa siku 50. Springer Nature wana SharedIt, msomaji anasoma kwenye kivinjari bila kupakua. Taylor & Francis hutoa nakala 50 za bure. Grupu la watu 200 litazimaliza hizo 50 kabla ya chai ya saa nne, hivyo kiungo cha repozitori kinadumu zaidi. Mtu mmoja akikuomba nakala faraghani, sera nyingi hazina tatizo.

Mlezi_wa_Lugha
Mmeiruka almasi kama haipo. Kwa wanaoandika kwa Kiswahili, huko Elsevier hakuwahusu. Majarida ya Kiswahili na Mulika ya TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yako kwenye tovuti ya majarida ya chuo hicho. Swahili Forum ya Leipzig ni huria na inachapisha makala kwa Kiswahili. Kwa fani nyingine, ingia DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida huria, na uchuje majarida yasiyotoza ada.

Angalizo kuhusu AJOL: ni jukwaa la mtandaoni la majarida ya Afrika, si jarida. Humo kuna makala huria na kuna za kulipia, alama inaonyesha ipi ni ipi. Baadhi ya majarida huria humo pia humtoza mwandishi, kwa hiyo huria si lazima iwe almasi. Tazama pia nyota za JPPS, mfumo wa kupima majarida unaotumika humo, moja hadi tatu, zinazopima uendeshaji wa jarida.

MkutubiWaZamu
Na jihadharini na majarida feki, kwa kuwa yote hujiita huria. Nembo ya DOAJ kwenye tovuti ya jarida haithibitishi chochote. Nakili ISSN ukaitafute ndani ya DOAJ yenyewe, kisha linganisha anwani ya tovuti herufi kwa herufi. Yapo yaliyotekwa: jina la kweli, ISSN ya kweli, tovuti ya matapeli. Chukua DOI ya makala ya mwaka jana uiweke doi.org. Isipofunguka, ondoka.

MsakaRuzuku
Mnasahau mwenye pesa. Ukiwa na fedha za NIH (taasisi za afya za serikali ya Marekani), makala iliyokubaliwa kuanzia 1 Julai 2025 lazima toleo lililokubaliwa liingie PubMed Central, hifadhi huria ya makala za tiba, na lifunguke siku ya kuchapishwa, bila zuio. Gates Foundation tangu mwaka 2025 hawalipi tena APC, wanataka priprinti (mswada uliowekwa wazi mtandaoni kabla ya kupitiwa na jarida) yenye CC BY. Hivyo kijani yenye zuio la miezi 12 hapo inakugombanisha na mfadhili. Soma mkataba wa ruzuku kabla ya kuchagua jarida. Na kama unalipa benki, jaza OUR (mtumaji analipa gharama zote) kwenye gharama za muamala. Ukiacha SHA (gharama zinagawanywa) benki za njiani zinakata, ankara inabaki na deni la dola 20 na makala haitoki.

Mwanafunzi_Kigamboni
Samahani wakubwa zangu. Makala ilitoka mwaka juzi, toleo lililokubaliwa silioni kwenye kompyuta. Naweza kuchukua PDF ya jarida nikafuta nembo?

Fundi_Repozitori
Hapana, mdogo wangu. Mpangilio ule ni wa mchapishaji hata bila nembo. Ingia kwenye mfumo uliotumia kuwasilisha, Editorial Manager au ScholarOne, fungua sehemu ya maswada yaliyokwisha kutolewa uamuzi. Chagua marekebisho ya mwisho, yenye R kubwa kuliko zote mwishoni mwa namba: R2 au R3 kama zipo, la sivyo R1. Pakua faili la Word, si PDF iliyojengwa na mfumo. Kama mabadiliko bado yana rangi, yakubali yote kwanza na ufute maoni ya pembeni. Akaunti ikiwa imefungwa, muulize mwandishi wa mawasiliano. Kwenye barua pepe yake tafuta namba ya mswada, si kichwa cha makala.