Premio iliyoshuka melini juzi au Mark X ya mkononi? Tusidanganyane wadau

Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Hii mada naileta hapa kwa sababu nyumbani imeshatugawa. Shemeji yangu, mume wa dada, ni mwalimu wa sekondari Morogoro, kachukua mkopo SACCOS akajazia na hela ya mpunga, sasa hivi ana kama milioni 27. Roho yake iko kwenye Toyota Mark X, toleo la pili, X130, kaiona kwa jamaa mmoja Kihonda, nyeusi, namba D (imeshasajiliwa hapa Bongo), rimu za inchi 18, ukiikanyaga inaunguruma mpaka majirani wanachungulia. Dada anataka Toyota Premio ya injini 1.5 ya 2010 ambayo haijawahi kukanyaga lami ya Bongo, ipo yadi Dar hata namba haijapata. Zero kilomita ya kwa wakala hatuizungumzii, ile ni ya mashirika na wenye nazo, sisi wengine gari mpya ndio hiyo iliyoshuka melini juzi, tukubaliane hapo tuendelee.

Mimi niko upande wa dada, na sio kwa sababu ni damu yangu. Dar mpaka Moro ni kama kilomita 190, sasa anza kuhesabu vibao vya 50: Mlandizi, Vigwaza, Chalinze, Ubena, Mikese, kila penye maduka mawili na mwembe pana kibao na nyuma ya mwembe pana trafiki na tochi ya kupima mwendo, elfu 30 ukinaswa. Katikati hapo malori ya Tunduma na ya Rwanda yamepangana, unaovateki moja unakuta mengine matatu yanakusubiri. Hizo farasi 203 za Mark X unazitumia wapi? Unazitumia kidogo tu ukimaliza kupita lori, unarudi 50, na mwenye Premio anakukuta pale pale kwenye rasta (yale matuta madogo) anakupungia mkono. Ila mafuta ya V6, injini ya silinda sita, unayalipia muda wote, hata ukiwa umesimama foleni ya Kimara injini inaunguruma bure.

Nawasikiliza. Matusi hapana, shemeji anasoma.

Mwenye Mark X, Mbezi

Mkuu wewe ni trafiki au? Umeeleza barabara yote halafu sehemu yenyewe umeiruka. Kuovateki ndipo watu wanapofia kwenye hiyo barabara, na ndipo hizo farasi zinapohitajika. Chukua Premio 1.5, weka watu watano na gunia la mchele kwenye buti, ingia kulipita semi-trela kwenye kale kamlima, unakanyaga mpaka chini, CVT (giaboksi ya mkanda isiyo na gia) inalia tu, gari haiendi, uko upande wa wenzio na basi linakuja na mataa full. Mimi nakanyaga nimeshapita na nimesharudi kwenye leni yangu. Hiyo mnaita anasa, mimi naita usalama.

Pili, hiyo "mpya" yenu ni ya 2010. Dashibodi inasema kilomita 68,000, nani kaziandika? Kurudisha kilomita siku hizi ni kazi ya dakika chache na laptop. Kama mna karatasi ya mnada ya Japan yenye grade (alama ya hali ya gari) na kilomita, sawa; kama hamna, mnaamini rangi na harufu ya siti. Mark X ya Kihonda mwenye nayo yupo, fundi wake yupo, mtu unaenda unauliza hii imegongwa lini, oili inamwagwa kila baada ya kilomita ngapi. Nenda kamuulize Mjapani.

Na ndio, mjini napata kilomita 7 au 8 kwa lita. Nilijua wakati nanunua.

Fundi, Msamvu

Wote mnaongea injini. Gari Bongo inafia miguuni, yaani suspension.

Mark X mbele ina double wishbone, nyuma multi-link. Maana yake mikono mingi, kila mkono una bushi zake na boljoint zake. Ndio maana kwenye kona imetulia na ndio maana barabara yetu ikishaitafuna inaanza kugonga huku na kule, unabadili hii leo, mwezi ujao ile. Premio nyuma ni boriti moja kavu, bushi mbili, unaweza kuisahau miaka. Ukikalia siti ya nyuma utaijua kwamba ni boriti, ila mfukoni ni nafuu.

Injini. 4GR, injini ya hiyo Mark X, ni direct injection, mafuta yanapigwa moja kwa moja ndani ya silinda, hayapiti kwenye valvu za kuingizia hewa kuziosha, kwa hiyo kaboni inajenga. Ile X120 ya kwanza ilitoka kiwandani na farasi 215 lakini Mjapani aliitaka petroli ya oktani ya juu. X130 waliirekebisha itumie ya kawaida, ikashuka 203. Kwa hiyo kama ni lazima Mark X basi hiyo ya pili, mwalimu hapo kachagua vizuri. Ila bado plagi ni sita sio nne, na akijaza mafuta ya sheli ya uchochoroni atanitafuta mapema.

Premio nayo msiipambe. CVT inataka oili yake ya CVT, mtu anamwagiwa ATF, oili ya otomatiki za kawaida, kwa sababu ya tofauti ya bei, gari inaanza kusita ikiondoka, anakuja kwangu giaboksi imeshakwisha analaumu wachawi. Mark X ina otomatiki ya kawaida ya gia sita, hapo naipa alama.

Dada mwingine, Mwanza

Naomba niulize, kwa nini kila mada ya magari humu mnamhesabu anayeshika usukani tu? Ndani ya hiyo gari kuna mke, watoto, na siku za sikukuu kuna mama mkwe mwenye magoti. Kaka wa Mbezi unaovateki vizuri sana lakini aliyekaa nyuma umemuuliza? Nimepanda Mark X ya mtu aliyeikata springi akaweka na tairi nyembamba ili "ikae", kila rasta nilikuwa naihesabu kwa mgongo. Tairi za namna hiyo zikiingia shimo rimu inapinda na rimu ya 18 sio hela ya mboga. Premio umbo lake limekaa kizee sawa, ila milango inafunguka vizuri, siti laini, buti inaingia mizigo ya safari, AC inapoza. Gari ya familia hiyo.

Na kitu kingine, bima. Mtu ana milioni 27 zote kaweka kwenye gari halafu anakata bima ndogo (third party). Ikiwaka moto ni mkopo unabaki unalipwa bila gari.

Wakala wa forodha, Dar

Nyie mnabishana gari gani, mimi naona swali ni kwa nini tunaletewa za miaka 15 halafu tunaziita mpya, na jibu lipo kwenye kodi. Nawapa hesabu fupi. Tuseme TRA (mamlaka ya mapato) imethamini gari milioni 10 mpaka bandarini (thamani ya TRA, sio risiti yako, watu wengi hapa ndio wanapochanganyikiwa). Import duti asilimia 25, inakuwa milioni 12 na nusu. Hapo juu yake ushuru wa bidhaa kwa cc (ukubwa wa injini), asilimia 5 kama ni 1001 mpaka 2000, asilimia 10 ikizidi 2000. Halafu kodi ya uchakavu, nayo kwenye hiyo hiyo 12 na nusu, asilimia 15 kwa ya miaka 8 mpaka 10 na asilimia 30 ikizidi 10. Mwisho VAT 18 juu ya vyote.

Premio 1.5 ya zaidi ya miaka 10 kodi inakuja karibu milioni 9.9. Mark X 2.5 ya umri huo huo karibu 10.65. Mnaona tofauti? Laki saba na ushee tu, kwa hiyo anayesema Mark X inaonewa kwa cc anadanganya. Kinachoua ni umri. Hiyo hiyo Premio ingekuwa chini ya miaka 8 kwa thamani hiyo hiyo kodi ingekuwa kama milioni 5 na nusu. Shida ni kwamba gari ya chini ya miaka 8 haiwezi kuwa na thamani hiyo hiyo, Japan wanajua kuuza. Kwa hiyo mtu wa kawaida anarudi kwenye ya zamani na kulipa adhabu. Hapo sijaweka tozo ndogondogo, bandari wala mimi wakala.

Kwa maoni yangu kodi ya uchakavu ipunguzwe. Imekuwepo miaka na barabarani bado tumejaa IST za 2004.

Mkenya, Nakuru

Boss usiombe hiyo kitu. Nyinyi TZ mnachagua. Huku kwetu gari ikipitisha miaka nane haiingii kabisa, na Uganda nao waliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tuliambiwa itatufanya tununue gari mpya, sasa ndio nini? Zile used zimepanda bei, Mark X X120 zenye ziliingia kitambo bado ziko barabarani zimechoka lakini mwenyewe anataka pesa kama imetoka juzi. Afadhali nyinyi mnalipa ushuru na mnajua ni ushuru.

Na kwa huyo mwalimu, Mark X huku iko na jina, na sio jina poa. Ukiwa na hiyo gari kila kijana kwa Probox anataka kukushindanisha. Unaendesha pole pole unaenda soko na bado kuna mtu nyuma anakuwashia taa.

Wa Muscat

Asalaam aleikum. Nasoma hapa nacheka, maana sababu zenu zote huku hazipo na bado tunagombana hivyo hivyo. Barabara ni mkeka, mafuta serikali iliyafunga bei tangu 2021, petroli ya kawaida M91 ni baisa 229 (senti za rial) kwa lita, hakuna anayelia na sheli. Basi kwa mantiki yenu kila mtu angekuwa kwenye Dodge Charger, gari ya mbio. Wapi. Vijana ndio wanaochukua Charger used zinazotoka Marekani, nyingine zilipigwa huko zikanyooshwa, na wazee wetu wote wako kwenye Camry wamechukua kwa wakala na waranti yake. Kamera zimejaa, ukipitisha mwendo, ujumbe wa faini unakuja kwenye simu hata chai hujamaliza.

Kwa hiyo msisingizie matuta. Mtu anayetaka gari ya mbio anaitaka, na asiyetaka haitaki hata umpe bure.

Mleta mada

Hapo wa Muscat umegusa penyewe. Hoja ya kuovateki naipokea, lakini jibu lake sio lazima V6. Premio ipo ya 1.8, farasi karibu 143, kwa hesabu ya wakala bado iko chini ya cc 2000 kwa hiyo ushuru ni asilimia 5 ile ile. Akikosa sana apunguze speed asubiri kipande kilichonyooka, wanafunzi hawatafukuzwa shule kwa mwalimu kuchelewa.

Na ndugu yangu wa Mbezi, unasema Mark X ya Kihonda historia inajulikana. Inajulikana na nani? Na anayeuza! Hujawahi kusikia muuzaji akisema gari yangu ilipinduka Mikumi. Ile ada ya mwaka ya leseni ya barabara ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, maana yake siku hizi mwenye injini kubwa analipa kodi ya barabara kila akisimama sheli, na mwalimu mshahara wake haupandi kila EWURA (wadhibiti wa nishati) ikitangaza bei ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Mwenye Mark X, Mbezi

Ndio maana nikasema aende na fundi, sikusema amwamini muuzaji. Na hiyo 1.8 unayoisema milioni 27 haimtoshi, labda umuongezee wewe shemeji.

Wa Crown, Dodoma

Samahani nachelewa. Kwani hamna aliyesikia Toyota Crown Royal Saloon? Injini ile ile ya 2.5 ya Mark X, tairi za nyuma ndio zinasukuma vile vile, ila miguu yake imelainishwa, ukitaka ngumu kuna Crown Athlete. Mama mkwe analala, baba anaovateki. Mafuta mtajua wenyewe.

Shemeji mwenyewe

Jamani mimi ndiye huyo mwalimu. Shemeji asante kwa kunitangazia mshahara mitandaoni.

Nimesoma yote. Kwenye hesabu mmenishinda na sibishi, nafundisha hesabu. Ila hakuna aliyeniuliza kwa nini naitaka. Miaka yote nimepanda daladala na bodaboda, nimejenga, nimesomesha wadogo zangu wawili, kila shilingi yangu ilikuwa na sababu. Hii moja nataka nikishaegesha nigeuke niiangalie. Premio sitageuka. Mke wangu anajua, na anasema kama ni kugeuka nigeukie nyumba ina madirisha bado hayajawekwa vioo.

Fundi, Msamvu

Mwalimu, Kihonda na Msamvu ni jirani. Mwambie huyo jamaa ailete Jumamosi asubuhi kabla haijapata moto, niisikilize ikiwashwa ya baridi, halafu niinyanyue nione bushi za nyuma na chesesi kama imenyooshwa. Usitoe hata advansi. Na uje na mkeo, akae siti ya nyuma tuizungushe mpaka Nanenane turudi.