Nimeshikishwa ekstensheni saa nzima halafu slaidi inasema mimi ni MGONJWA

Wakuu sina hata salamu. Naandika nikiwa kwenye daladala ya Buhongwa nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba mwingine kwenye simu, na huu wa kwenye bomba ndo ulioshika ekstensheni, bado unatetemeka.

Simtaji. Mnamjua. Kama umeishi Mwanza hii hata wiki mbili na ukaingia semina yoyote yenye chai na sambusa umeshamuona, yule wa kofia ya pama na miwani mbili, moja usoni moja juu ya kofia, ambaye ukimuuliza anafanya utafiti wa nini anakujibu kwa pumzi moja bila kumeza mate, "sanaa za maonyesho na utambulisho, afya ya wanawake, na mitandao ya kompyuta". Vyote vitatu. Mtu mmoja. Mimi nimehangaika na kimoja miaka minne na cheti sijakishika.

Sasa leo ndo siku ya kutoa matokeo ya utafiti wake wa kichocho kwa wanawake, hoteli fulani ya kule Capri Point, madaktari wapo, watu wa wilaya wapo, wenye hela zao wapo. Nimeazima viatu vya dada yangu. Nimekaa mstari wa pili nimetulia maana niliahidiwa dakika kumi za kuelezea mchezo wetu wa kuigiza wa utafiti huo, nimezifanyia mazoezi mpaka paka wa nyumbani anazijua. Projekta ikazima. Waya umelegea kwenye soketi. Mtu mzima yule akaangalia ukumbi wote, wanaume kumi na sita nimewahesabu, akanichagua mimi: "Dada, hebu tushikie hiyo ekstensheni hapo."

Nikashika. Nikajua ni dakika mbili fundi aje. Fundi gani! Ukiiachia inazima, ukiibana sana inatoa cheche, kwahiyo nimesimama nimebandikwa ukutani kama kalenda ya mwaka jana na yeye anaendelea tu, slaidi ya tatu, ya nne, ya tano. Ya saba naona kanga. Nikasema mbona kama kanga ya mama. Naangalia vizuri naona ni MIMI, nimejishika tumbo, macho yamelegea, mdomo umenikauka, ukubwa wa ukuta mzima, na chini kaandika: "Mgonjwa wa kike, kando ya Ziwa Victoria."

Mgonjwa. Jamani mimi naIGIZA.

Miezi minane nimekuwa Kabula. Kabula kwenye mchezo wetu ni mke wa mtu, analima mpunga, anatokwa damu siku zisizo zake, tendo la ndoa linamuuma, mimba haishiki, na mama mkwe kashatangaza kijiji kizima kwamba mwanae kaoa malaya. Kumbe ni kichocho, kile cha kwenye uzazi, mayai ya minyoo yamejikita kwenye mlango wa kizazi, hajaambukizwa na mwanaume yeyote, kaambukizwa na maji anayochota na kulimia. Tunacheza mpaka mama mkwe anatupa nguo zangu nje, hapo tunaganda, ule mtindo wa Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazil, wa mtazamaji kusimamisha mchezo na kuingia yeye mwenyewe. Siku moja kule Misungwi bibi mmoja hakusubiri kuitwa. Kapanda, kanivua kanga ya kiunoni kajifunga yeye, kamgeukia mume wangu wa mchezo: "Nawe ulivyokuwa unachunga ng'ombe ulikuwa unaoga wapi? Simama, twende wote tukapime." Watu walicheka mbuzi wakakimbia. Na tulipomaliza wanawake watatu wakanifuata nyuma ya jiko la shule, mmoja akaniuliza kwa sauti ndogo kama anaogopa ukuta, "mwanangu, hii ya Kabula ikikaa miaka sita inatibika?" Huo si ndo utafiti? Mimi ndo niliyeulizwa, mimi ndo niliyempeleka kituo cha afya siku ya pili kwa bodaboda na hela yangu.

Yeye alikuwa wapi? Kwenye gari. Kioo juu kiyoyozi kinanguruma. Alishuka mara moja tu.

Kupiga hiyo picha.

Yaani narudi palepale, nisameheni, nimesimama nimeshika waya wa umeme unaoniangaza mimi mwenyewe nikiwa mgonjwa. Nikiachia, picha inazima, ila nitaonekana nimeharibu semina. Nisipoachia, nazidi kuugua mbele za watu. Sijawahi kuona mtego wa namna hiyo hata wa panya. Na hotuba yenyewe wakati huo ilikuwa imefika kwenye utambulisho, eti sanaa inampa mwanamke nafasi ya kusema yeye ni nani!! Dakika zangu kumi alizitumia kueleza safari yake ya Ukerewe.

Chai sasa. Daktari mmoja mstaarabu kabisa kanifuata na kikombe, kainama, "Pole sana dada, dozi ulimaliza?" Nikamwambia daktari mimi ni mwigizaji. Akanishika bega, "Ndiyo, ndiyo. Usikate tamaa."

Nashuka Mkolani. Posho msiniulize. Nitarudi.

Chapa Ilale: Chai hii, umetunga. Haina hata sukari.

Kiti cha Mbele: Pole sana mkuu. Dozi ulimaliza?

Mwalo wa Usiku: Hahahaha nimecheka nipo kwenye foleni ya benki wananiangalia. Ila dada tuseme ukweli, kama daktari mzima kaamini basi we ni mwigizaji hatari. Hiyo ni tuzo.

Mleta uzi: Tuzo yako ikae kwako. Kaandika MGONJWA.

Mwalo wa Usiku: Wa kike lakini. Angalau hapo kapatia.

Waya Mbichi: Wewe umeshikishwa ekstensheni tu unalia? Kaa hapa nikwambie. Mimi ndo niliyemfungia mtandao wa kule kijijini. Ruta moja, seva ndogo, tableti kumi na mbili, hakuna intaneti kabisa na hatukuitaka, majibu ya akina mama yanakaa humohumo yasije yakaenda kuzurura. Kaja siku ya kwanza: "Kijana, waifai naiona, mbona WhatsApp haifunguki?" Nikaeleza. Kaja ya pili, swali lilelile. Ya tatu kaamua kutengeneza mwenyewe. Kachukua waya mmoja kachomeka ncha zote mbili kwenye swichi ileile ya mtandao, eti ilikuwa inaning'inia vibaya. Wanaojua wameshashika vichwa. Pakiti ya kutangaza, ule ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote, ikiingia kwenye kitanzi kwenye swichi ya bei rahisi haina pa kufia, inazunguka na kuzaana, inazunguka na kuzaana, taa zote zinawaka kama disko la Krismasi na hakuna tableti inayosoma kitu. Nimetafuta saa tano. SAA TANO, nimebadilisha ruta, nimebadilisha anwani zote za 192.168, nimempigia mwalimu wangu wa chuo aliyestaafu. Kuja kuinama chini ya meza, waya wenyewe huo, umefungwa na utepe mwekundu wa zawadi upendeze. Kwenye ripoti kaandika "changamoto za miundombinu ya vijijini".

Kiti cha Mbele: Utepe mwekundu aisee 😂😂

Mleta uzi: Waya Mbichi kumbe ndo wewe! Pole kaka. Lakini wewe hukuwekwa ukutani.

Waya Mbichi: Mimi niko kwenye slaidi ya kumi na moja, mgongo tu, nimeinama. Imeandikwa "mwanakijiji akishangaa teknolojia".

Chapa Ilale: Nafuta kauli yangu ya chai.

Nesi wa Zamu: Samahani naingilia. "Kando ya Ziwa Victoria" imeniuma kuliko hiyo mgonjwa. Kule ziwani kinachotawala ni kichocho cha tumbo. Cha mkojo, kinachoenda kwenye uzazi, konokono wanaobeba minyoo yake wanapenda malambo na majaruba ya ndani huko, Misungwi, Kwimba, Magu. Ni minyoo tofauti na konokono tofauti. Kwahiyo mtu kafanya utafiti miezi minane na kapiga picha sehemu isiyo na ziwa kaandika ziwa. Na sisi wodini tunaumia kwa sababu hiyo hiyo, mama anakuja na damu na maumivu, kituo cha kwanza wamempa dawa za zinaa, cha pili dawa za zinaa, ndoa inavunjika na hana zinaa, na vile vidonda vinamfanya awe rahisi kupata VVU. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, inapimwa kwa kilo, 40 mg kwa kila kilo moja, mtu wa kilo 60 ni vidonge vinne vya 600, kula kwanza. Inaua minyoo, makovu yaliyokwisha kuwepo yanaweza kubaki, na ukirudi kwenye maji yale unaanza upya. Asanteni.

Kiti cha Mbele: Mleta uzi una kilo ngapi tukuhesabie?

Mleta uzi: Mungu anakuona.

Ng'wana Kwimba: Mnaongea kama hii michezo imeanza juzi. Mwanzoni mwa miaka ya 80 akina Penina Muhando na Amandina Lihamba, walimu wa sanaa za maonyesho, walitoka chuo kikuu Dar wakaja kwetu Malya, Kwimba, wakakaa na vijana, tatizo walilisema wanakijiji wenyewe, mimba za wanafunzi, na mchezo ukachezwa kwa ngoma zetu. Mama yangu mkubwa bado anasimulia. Hakuna aliyebaki kwenye gari. Siku hizi mtu anakuja na mchezo kwenye flashi.

Mleta uzi: Mchezo tuliutunga sisi, hakuja nao. Flashi alikuja nayo ndiyo, ilikuwa na virusi.

Bagika Damu: Mlitumia ngoma gani hapo kati?

Mleta uzi: Bugobogobo mwanzoni, na majembe.

Bagika Damu: Majembe mliyarusha au mliyashika tu? Maana kuna watu wanashika jembe kama wanashika mwavuli.

Galu Mmoja: Bagika mmeanza, vyama vyetu viwili vya ngoma za Kisukuma ni mahasimu toka zamani. Mwaka jana kwenye ngoma za Bujora nani alikimbiwa na watazamaji wote wakahamia upande wetu? Jibu hilo kwanza.

Bagika Damu: Mlikuja na chatu! Mtu ataachaje kuangalia chatu! Hiyo siyo ngoma hiyo ni hifadhi ya wanyama.

Galu Mmoja: Chatu hakukatazwa. Na ng'wanawane, mwanangu, ukishindwa unanyamaza.

Mleta uzi: Jamani mada.

Sambusa Mbili: Tuliokuwepo leo tuseme. Mimi sina shida na slaidi, shida yangu sambusa zilihesabiwa. Kila mtu mbili, kuna dada kasimama na karatasi anatia tiki. Waliotoka Sengerema wameamka saa kumi alfajiri, mnawapa sambusa mbili za viazi na chai ya rangi, halafu kwenye bajeti wameandika chakula cha mchana. Na nauli wamelipa kwa bei ya zamani ya kivuko eti risiti iwe ya kivuko, wakati daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu 2025 na watu wanapita juu na basi. Risiti ya kivuko nitaitoa wapi, nimuombe sangara?

Mwalo wa Usiku: Nimuombe sangara 😂😂😂

Mama Nauli: Hiyo ya risiti kanifanyia na mimi mwezi wa pili. Akanambia niandike barua kueleza kwa nini sikupanda kivuko.

Waya Mbichi: Mleta uzi, hiyo ekstensheni ilikuwa ya rangi gani?

Mleta uzi: Ya chungwa. Ndefu. Kichwa kimepasuka kimefungwa selotepu nyeusi. Kwa nini?

Waya Mbichi: Ni yangu. Nilimuazima siku moja tu, mwezi wa tano.

Mama Nauli: Ana tenti langu pia na viti ishirini.

Fundi Mashua wa Igogo: Kumbe tupo wengi. Mimi ana mafuta yangu lita arobaini ya ile safari ya Ukerewe.

Mleta uzi: Ile safari aliyoisimulia kwenye dakika ZANGU!

Fundi Mashua wa Igogo: Ya kwako tumeshaisikia dada. Wenye madai ya vitu tukafungue uzi wetu, huu umejaa wagonjwa.