Tupeane uzoefu: minada ya WhatsApp, muuzaji afiche namba za wanaopandisha dau au aziache wazi?

Mnadi wa Ilazo (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwema? Nipo hapa Dodoma, Ilazo. Tangu 2019 naendesha kagrupu ka mnada WhatsApp. Wateja wangu wakubwa ni watumishi: huyu kahamishiwa Songea, yule kastaafu anarudi kwao Moshi, hawezi kuhama na makabati na makochi, basi ananiletea picha. Ijumaa saa mbili usiku natupia picha na dau la kuanzia, watu wanapandisha mpaka saa nne kamili. Mwenye dau la juu anakuja kesho yake, anakagua, analipa, anabeba. Miaka yote hiyo sikuwahi kupata kesi.

Mwezi uliopita nilikuwa na friji la milango miwili. Nilianzia laki mbili na nusu, likafungwa laki nne na kumi, akachukua mama mmoja wa Kisasa. Aliyemfuata ni kijana wa Nkuhungu, laki nne kamili. Saa nne na dakika ishirini yule kijana akapokea ujumbe. Picha ni yangu, jina ni langu, namba siyo yangu: "Kaka, yule mama amekwama hela. Friji ni lako kwa laki nne yako ileile. Ila kuna mtu ananisumbua hapa, tanguliza nusu nikufungie. Lipia namba hii, jina litakuja la shemeji yako." Jina likaja kweli, la mwanamke. Akatuma laki mbili.

Asubuhi nasikia honi getini. Kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, na kijana yuko nyuma kakalia godoro kuukuu la kuzuia friji lisikwaruzwe. Mama wa Kisasa alikuwa ameshaingia, amechomeka friji, mkono upo ndani ya friza anasikilizia baridi. Wakaangaliana. Kijana akanionesha simu yake. Nilisoma ule ujumbe mara tatu, sikuwa na la kumjibu.

Aliyefanya hivyo yumo humo humo kwenye grupu. Aliona dau la kila mtu na namba ya kila mtu, hata hesabu hakukosea. Nikasema basi, kuanzia sasa madau yaje kwangu pembeni, mimi nitangaze kiasi tu bila namba. Hawakupita watu wawili, mmoja akaandika: "Tutajuaje kama siyo mdogo wako anayetupandishia?"

Nyie yaliwakuta yapi? Leteni ya kwenu.

Bodaboda Mstaafu

Pole mkuu. Hao ni walewale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wamepanda cheo tu, siku hizi wanafanya utafiti kwanza.

Mtoto wa Msalato

Mimi nasema usifiche. Nimekulia mnadani Msalato, Jumamosi kwetu ni sikukuu, na mzee wangu alikuwa ananunua ng'ombe pale. Alinifundisha kitu kimoja: kabla hujapandisha dau la fahali, mtazame anayeshindana na wewe. Ana fimbo? Ana kamba? Kuna kijana wake kasimama pembeni wa kuswaga? Viatu vina mavumbi ya njiani au vinang'aa? Mtu mwenye viatu vya ofisini anayepandisha dau la fahali tatu mfululizo na jioni anarudi mikono mitupu, huyo ni mpambe wa dalali. Yupo pale kukuchemsha wewe.

Mwaka fulani mzee alinitingisha bega tukiwa tunagombania beberu mmoja. Akaninong'oneza, "Muachie." Nikamwachia. Yule jamaa aliyekuwa anapandisha akabaki kaduwaa na beberu wake, dalali akaanza kututafuta kwa macho. Tulimpata baadaye kwa bei tuliyoanza nayo.

Sasa kwenye simu macho yangu ni ile namba. Ukinifichia namba umenifunga kitambaa usoni, halafu unaniambia nikuamini.

Lenzi za Mtumba

Ngoja niwape ya mbali kidogo. Napiga picha za harusi hapa mjini, lenzi zangu nyingi nimenunua eBay, ule mtandao wa minada, zinapokelewa na binamu yangu Uingereza kisha zinakuja na mtu. Kwa hiyo huu mjadala wenu nimeuona kwa wenzetu, na wao waliugombania miaka karibu ishirini iliyopita.

eBay ilianza 1995 Marekani, na kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya leza iliyoharibika, dola 14.83. Enzi hizo jina la kila mpandisha dau lilikuwa wazi. Sasa wana utaratibu kwamba mshindi akishindwa kulipa, muuzaji anaruhusiwa kumwendea aliyemfuata na kumpa kwa dau lake. Matapeli wakaudaka. Wanasoma majina ya walioshindwa, wanawaandikia barua pepe wakijifanya muuzaji, "mshindi amekwama, sasa ni zamu yako", lipa nje ya mfumo. Mkuu wa Ilazo, ya friji lako ni hadithi ileile, imebadilika bidhaa tu.

Ndipo mwishoni mwa 2006 wakaanza kuficha majina kwenye vitu vya bei kubwa. Siku hizi unaona herufi mbili na nyota katikati, basi. Kelele zilizofuata ni hizihizi za mdogo wako: watu wakasema mmewafichia wapambe. Na wapambe walikuwepo kweli. 2010 mahakama ya Bradford, Uingereza, ilimtoza faini ya pauni 5,000 jamaa aliyekuwa anapandisha dau kwenye basi dogo lake mwenyewe kwa akaunti nyingine.

Kilichonifanya nisiogope ni hiki. Jina sioni, lakini nikibonyeza nyuma ya hizo nyota naona huyu mtu siku 30 zilizopita amepandisha madau mangapi, na asilimia ngapi yamekwenda kwa muuzaji huyuhuyu. Niliwahi kugombania lenzi ya milimita 50 na mtu ambaye madau yake karibu yote yalikuwa kwa muuzaji mmoja. Sihitaji jina lake. Niliacha pale pale.

Mama Cherehani

Nyie wanaume mnaongelea tapeli na mpambe tu. Mie niwaeleze la tatu.

Niligombania cherehani ya miguu kwenye grupu moja, naishi Chang'ombe. Niliishia laki na themanini, nikakosa. Usiku ule nikapigiwa simu na watu watatu. Wa kwanza anayo cherehani nyingine, sawa, biashara. Wa pili anauliza kama nina mtu. Wa tatu hakusema kitu, anahema tu. Saa sita kasoro, mume wangu yupo kitandani pale anauliza nani huyo, nami namjibu "watu wa cherehani". Mnaweza kufikiria uso aliokuwa nao.

Na kuna jingine. Ukipandisha dau mbele ya watu mia mbili usiowajua, umewatangazia kwamba ndani una hela hiyo. Sasa hivi natumia namba ya kaka yangu, naye ananidai soda kila mnada. Fichieni watu namba zao, jamani.

Ufuta Nachingwea

Mimi nyumbani Nachingwea, Dodoma nipo kikazi. Kwetu ufuta unauzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani wakulima wanaukusanya ghalani, unauzwa kwa mnada. Kabla ya mambo ya skrini, wanunuzi walikuwa wanaweka barua zao kwenye sanduku. Kumbuka: wakati wa kuweka, hakuna anayejua mwenzake kaandika shilingi ngapi. Ila sanduku linafunguliwa mbele yetu wakulima, kwenye uwanja, na barua zinasomwa moja moja kwa sauti: kampuni gani, inataka kilo ngapi, bei gani. Bibi yangu hajui kusoma lakini anajua nani aliandika nini. Bei ikiwa haitupendezi tunaikataa, wanarudi siku nyingine. Niliwahi kuona mkutano mzima unanyanyua mikono kukataa, mwenyekiti anasihi na watu wanakung'uta vumbi wanaondoka.

Sasa mnada unapita mtandaoni kwa mfumo wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania. Wazee walinuna mwanzoni. Walichotaka mwisho wa mnada ni kilekile, wasomewe. Kwa hiyo mkuu, swali lako la kuficha au kutoficha mimi naliona nusu. Ficha mpaka lini?

Laini Mbili

Naomba nisitukanwe. Nilikuwa mpambe.

Nasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mwaka wa pili hela ya kujikimu imechelewa, jamaa mmoja mwenye grupu la vifaa vya umeme akanipa kazi. Elfu tano kwa usiku mmoja. Nilikuwa na laini mbili, moja ina picha ya mzee wa makamo nimeitoa mtandaoni, nyingine ina picha ya ua. Kazi yangu: dau likilala zaidi ya dakika tano, naliamsha. "Elfu kumi juu." "Naongeza ishirini." Mtu wa kweli akipandisha mara mbili, natoka.

Siku moja ilikuwa runinga ya inchi 43. Mzee wa makamo akapandisha, nasubiri mtu ajibu, kimya. Saa nne ikagonga. Nimeshinda runinga, na mfukoni nina elfu tatu. Bosi akatangaza mshindi amesafiri ghafla kwa msiba, runinga inarudi mnadani wiki ijayo. Watu wakaanza kutoa pole! Mmoja akauliza rambirambi zitumwe wapi. Nilizima simu.

Ninachotaka kusema: namba zilikuwa wazi muda wote na hakuna aliyenikamata. Mtoto wa Msalato, mimi sina viatu kwenye simu. Nina ua.

Mtoto wa Msalato

Dah. Hilo la ua umenimaliza.

Dada wa Mtumba Mji wa Serikali

Kwa kifupi, maana nipo kazini. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ipo hapa hapa Dodoma. Namba ya mtu ni taarifa binafsi, kwa hiyo kaka wa Ilazo usiichukulie kama tangazo. Ujumbe wa kitapeli unatumwa 15040. Na kila mtu abonyeze *106# aone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, usije ukakuta wewe ndiye "shemeji".

Mnadi wa Ilazo (mwanzisha uzi)

Nimesoma yote, hasa huyo wa ua, nimejikuta napitia wanachama wangu mmoja mmoja.

Tulikwenda polisi, tukachukua RB. Laini ile imesajiliwa kwa jina la mtu ambaye hata simu janja hana. Kijana nilimpa elfu hamsini, siyo deni, roho tu ilinisuta.

Nimefanya hivi. Grupu nimelifunga, wanaweza kuandika viongozi tu, na wanachama nimewahamishia kwenye mfumo ambao hawaonani namba. Kila mtu nimempa nambari yake ya kudumu: Dau 1, Dau 2, mpaka Dau 188. Habadilishi. Nikitangaza dau naandika nambari, na kila Jumapili natoa orodha: Dau fulani kapandisha mara ngapi mwezi huu, kashinda mara ngapi, kalipa mara ngapi. Majina kamili yapo kwenye daftari kwangu, na mshindi namtaja kwa jina akishabeba mzigo, siyo kabla. Mwenye shaka aje Ilazo alifungue daftari mezani. Wawili wamekuja tayari, mmoja alitaka chai tu nadhani. Watu kumi na moja wamejitoa bila kuaga. Sijui walichokuwa wanafanya humo.

Ijumaa iliyopita tumejaribu. Meza ya kusomea, jiko la gesi la plati mbili, na pasi. Saa nne na nusu nikampigia Dau 7, aliyeshinda jiko, kwa sauti, siyo ujumbe. Ni yule kijana wa Nkuhungu. Hakuniamini. Akaniambia nitaje rangi ya godoro alilokuja nalo siku ya friji.

Nikamwambia la maua ya bluu, limechanika pembeni. Akacheka, akasema kesho anakuja, ila hela anashika mkononi, na geti nimfungulie kwanza.