Bamba la baba limekwama Kilindini, wanataka PIN ya marehemu

Kutoka: Mtoto wa Mtongwe (Leicester)

Assalaam aleikum jamaa. Nisaidieni, kichwa kinaniuma.

Mnajua mzee wangu alitangulia mbele ya haki mwaka jana. Majirani wakakubaliana pawekwe kumbukumbu yake pale Mtongwe, kando ya njia inayoteremka ferini. Mimi nikachongesha bamba la shaba huku, kilo 18, nikalitia kwenye kasha la pamoja na wenzangu. Limefika bandarini Kilindini, Mombasa, wiki ya tatu hii. Ofisi inayohusika (siitaji, nisije nikaharibu zaidi) imefungua sanduku, ikasoma jina lililochongwa, ikaamua huyo ndiye mwenye mzigo. Sasa wanataka PIN yake (ile namba ya kodi), nakala ya kipande, na aje mwenyewe atie sahihi. Ndugu yangu kawaambia mwenyewe yuko makaburini. Wakamwambia basi alete barua kutoka kwake ya kumruhusu. Wallahi sitanii.

Swali langu ni moja tu: IDF, ile fomu ya kutangaza mzigo unaoingia nchini, ijazwe kwa jina la nani? Stoo inahesabu kila siku.

Kutoka: Kaka Changamwe (Rotterdam)

Pole ndugu yangu. Mimi nilituma friji na godoro la mama, wakaning'ang'ania miezi miwili, friji ilipotoka mlango mmoja haupo. Dawa ni kuandika kuwa ni vyombo vya mkaazi anayerejea nyumbani. Hapo ushuru unasamehewa, kwisha maneno. Marehemu alikuwa kapteni wa meli za vita, hata barabara alistahili kupewa.

Kutoka: Binti Kibokoni (Toronto)

Kaka, usimpoteze mtu. Msamaha huo ni wa anayehama moja kwa moja, awe ameishi nje si chini ya miaka miwili, na vyombo viwe vyake alivyokuwa akivitumia. Bamba la kumbukumbu alikuwa akilitumia kwa lipi, kulia wali? Atapigwa faini bure.

Mtoto wa Mtongwe, kwenye BL (hati ya meli ya kusafirishia mzigo) uliandika mpokeaji nani? Hilo ndilo la kwanza.

Kutoka: Mtoto wa Mtongwe (Leicester)

Niliandika kamati ya mtaa. Haijasajiliwa. PIN haina.

Kutoka: Binti Kibokoni (Toronto)

Basi ulijifunga mwenyewe kabla hawajakufunga wao. Mpokeaji lazima awe na PIN. Ejenti wa meli abadilishe manifesti, ile orodha ya mizigo, aweke jina la nduguyo. Nao wana ada zao, mimi walinitoza mara mbili kwa kosa la herufi moja.

Kutoka: Ami Kuze (Muscat)

Wanangu, samahani nimechelewa, mitandao hii mimi nasomewa na mjukuu.

Kwanza, marehemu hakuwa kapteni. Alistaafu meja. Nevi yetu hutumia vyeo vya nchi kavu, ndiyo maana Kibwana aliposhika majeshi yote mwaka 2000 aliitwa jenerali, na Mwathethe vile vile 2015. Hao wawili wametoka majini na hakuna aliyewaita admirali. Mtu asiandike asilolijua.

Pili. Alianza KNS Simba, meli ya mwanzo mwanzo, iliyoingia kazini 1966, nevi yenyewe haijatimiza miaka miwili tangu iundwe 12 Desemba 1964. Alikuwa akivuka kwa mtumbwi kwenda kuposa ng'ambo, sare kaikunja kichwani isirowe. Mamako anajua.

Kutoka: Kaka Changamwe (Rotterdam)

Ami shikamoo, nimekosea cheo, sikukosea heshima.

Lakini tuseme kweli. Pale Barabara ya Jomo Kenyatta sanamu ya askari imesimama tangu 1927, na askari yule hana jina. Nje ya Fort Jesus kuna mizinga miwili tuliyokuwa tukiipanda utotoni, mmoja wa Pegasus ya Mwingereza, mmoja wa Königsberg ya Mjerumani. Meli za watu zimezamishwa Unguja na Rufiji, tukazitunzia mizinga. Baharia wa Mtongwe anaombwa PIN! Na bandari yenyewe, tangu reli mpya ya 2017 makasha yanapita juu juu yakishukia Nairobi, vijana wa Changamwe wamebaki kupiga soga.

Kutoka: Binti Kibokoni (Toronto)

Tumeanza. Kila uzi lazima ufike kwenye reli.

Mimi naona pesa za stoo zingechimba kisima. Hiyo ndiyo sadaka inayoendelea, na Mtongwe maji ni ya mkokoteni. Bamba halinyweki.

Kutoka: Ami Kuze (Muscat)

Binti, kisima ni kizuri. Lakini wewe 1994 ulikuwa hujazaliwa au ulikuwa unanyonya.

Ijumaa ile, 29 Aprili, feri ya Mtongwe ilipopinduka, watu 272 walikufa karibu kabisa na nchi kavu, mtu angeweza kuwarushia kamba. Marehemu alitoka kambini na mashua, hajafunga hata viatu. Alikuwa majini mpaka giza. Mamangu mdogo alitolewa na yeye, akafunikwa kwa koti lake la kazi, akazikwa jioni. Koti hakulidai. Tulimpelekea baada ya arubaini, likiwa limefuliwa na kupigwa pasi, akakataa kulipokea, akasema hajui ni la nani. Watu wa Mtongwe hawamwekei bamba kwa ajili ya umeja.

Kutoka: Mtoto wa Mtongwe (Leicester)

Ami, hilo la koti leo ndiyo nalisikia. Baba hakuwahi kuizungumza feri hata siku moja. Tukipanda Likoni yeye husimama katikati, mbali na ukingo, tukimcheka baharia gani huyu.

Kutoka: Ami Kuze (Muscat)

Bambani mmeandika nini?

Kutoka: Mtoto wa Mtongwe (Leicester)

Jina, cheo, KNS Simba, mwaka aliojiunga na aliostaafu. Sikujua jengine la kuandika.

Kutoka: Kaka Changamwe (Rotterdam)

Basi liachie hukohuko, chonga jengine lenye 1994. Chongesha Mombasa, mafundi wapo, usipite bandarini kabisa.

Kutoka: Binti Kibokoni (Toronto)

Usithubutu kuliacha! Mzigo usiochukuliwa hupigwa mnada. Utalikuta kwa wanunuzi wa vyuma Kongowea, jina la mzee juu ya mizani, linauzwa kwa kilo. Na Ami, mimi 1994 nilikuwa darasa la pili, asante.

Kutoka: Kaka Changamwe (Rotterdam)

Kwani shaba siku hizi kilo ni ngapi?

Kutoka: Mtoto wa Mtongwe (Leicester)

Jamani. IDF.