Vyumba vya Krismasi vinajulikana tangu Julai, rosta yetu inatoka tarehe 23 Desemba

Wakuu, nawasalimu nyote. Naomba mnivumilie kwa urefu wa uzi huu, kwa sababu jambo lenyewe nimelibeba kwa miaka sita na sasa limenifika shingoni.

Tarehe 23 Desemba mwaka jana, saa kumi na nusu jioni, nilikuwa nimekaa ndani ya kosta ya kwenda Moshi pale stendi ya Arusha, tukisubiri abiria wawili wa mwisho ili gari liondoke. Mama watoto na binti yetu walikuwa wametangulia kijijini kwetu Kibosho, Kilimanjaro, siku mbili kabla. Nilikuwa na off ya siku tatu ambayo supavaiza wangu aliisaini tangu Novemba. Ndipo picha ya rosta mpya ilipoingia kwenye kundi la WhatsApp la kazini: jina langu lilikuwa limeondolewa kwenye safu ya mapumziko na kupangwa zamu ya usiku tarehe 24, 25 na 26. Hakuna aliyenipigia simu wala kuuliza kama nina safari, na nilipopiga mimi niliambiwa kwamba wageni ni wengi na hoteli haifungwi. Nilishuka garini. Kondakta alinirudishia nauli yangu bila maneno, na mpaka leo ninamkumbuka kwa shukrani, kwa kuwa siku ile ni yeye peke yake aliyenitendea kama mtu.

Mimi ni mtu wa mapokezi katika hoteli moja ya watalii hapa Arusha, ambayo sitaitaja. Idara yangu ninaitaja kwa makusudi, kwa sababu mimi ni mmoja wa wanaoingiza majina ya wageni kwenye kompyuta. Kundi lililolala kwetu Krismasi ile lilikuwa limelipia vyumba tangu Julai. Mwanzoni mwa Novemba tulishajua idadi ya vitanda, nani anashuka uwanja wa ndege wa KIA saa ngapi, nani anaondoka alfajiri ya tarehe 26 kwenda Ngorongoro na atahitaji chakula cha kubeba, na hata mgeni ambaye akila karanga anadhurika. Jikoni waliagiza nyama mapema, na mapambo yalitundikwa mapema. Jambo ambalo halikupangwa mapema ni nani kati yetu atasimama kaunta usiku ule, na likaachwa hadi saa kumi na nusu ya tarehe 23. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba biashara ya hoteli haitabiriki, ninakataa, kwa sababu utabiri wenyewe ninauandika mimi kwa vidole vyangu. Rosta ile ilichelewa kwa sababu wenye kuipanga hawakuona kwamba muda wetu nje ya lango lao una thamani yoyote.

Kwa asiyetoka Kilimanjaro, pengine inaonekana kwamba ninalilia pilau na soda. Desemba kwetu si sherehe tu. Watu husafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, wengine kutoka Mwanza na Mbeya, ili wiki ile ya mwisho ya mwaka ukoo uwe pamoja nyumbani. Mbuzi au ng'ombe huchinjwa, na nyama hugawanywa kwa utaratibu ambao kila mtu ana sehemu yake kulingana na nafasi yake katika ukoo. Watoto waliozaliwa mjini hupelekwa migombani wakaonyeshwa makaburi ya babu na bibi zao. Walionuniana mwaka mzima hukalishwa chini, na habari za posa, mipaka ya kihamba (shamba la migomba la ukoo) na madeni ya matibabu huzungumzwa wakati huo kwa sababu hakuna wakati mwingine ambapo wote wapo. Mimi ni kitinda mimba wa kiume, na kwa desturi ya Wachagga nyumba ya baba hubaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho. Maana yake ni kwamba mwenyeji wa pale ni mimi. Kaka zangu wanasafiri kutwa nzima wakifika wamevimba miguu, na mwenyeji wao, anayeishi Kwa Mrombo hapa Arusha, mwendo wa kilomita 80 hivi, hayupo.

Mwaka jana kikao cha ukoo kilifanyika tarehe 26. Kilijadili mpaka wa kihamba upande wa baba mdogo, pamoja na njia ya maji kutoka kwenye mfereji. Nilipigiwa simu saa nane mchana nikiwa kitandani baada ya zamu, nikaelezwa yaliyokwisha kuamuliwa. Kaka mkubwa alinisemea vizuri, simlaumu, lakini yalikuwa mambo ya ardhi ambayo watoto wangu watailima, na mambo ya namna hiyo yakishakubaliwa mbele ya wazee hayafunguliwi tena kirahisi. Nilipofika Kibosho tarehe 29, nilimpelekea mzee jani la isale, ambalo kwetu hutumika kuomba msamaha, na mtu akishapelekewa isale hakatai. Alilipokea. Hata hivyo nilijiuliza njia nzima wakati wa kurudi: kwa nini mimi ndiye niliyekwenda kuomba msamaha?

Kuna atakayesema kwamba ningeweza kutoka kazini asubuhi ya Krismasi, nikaenda na kurudi. Nilifanya hivyo mwaka juzi. Nilitoka saa moja asubuhi bila kulala, magari yakawa yamejaa, nikafika nyumbani karibu saa sita mchana, nikasinzia kwenye kiti mbele ya wajomba zangu wakati mzee akiwa bado anaomba dua ya chakula. Saa kumi na moja jioni nikaamshwa ili niwahi zamu ya saa nne usiku. Binti yangu aliwaambia wenzake kwamba baba alikuja kulala. Hakukosea.

Sikukuu huonekana zaidi, lakini zamu zinaila familia hata katika siku za kawaida. Binti yangu ana miaka tisa, na katika wiki yangu ya usiku amejifunza kutocheka kwa sauti, kufunga mlango kwa mkono badala ya kuuachia upepo, na kuwaambia watoto wa jirani wakachezee mbali. Tunaishi katika vyumba viwili chini ya bati. Ikifika saa tano asubuhi joto lake halilaliki, kwa hiyo usingizi ambao mtoto ananyamaza kwa ajili yake mimi mwenyewe siupati. Siku hizi anaponiona, kabla hata ya shikamoo, ananiuliza, "Baba, uko zamu gani?" Mara ya kwanza nilitaka kumkemea kwa kuruka salamu, kisha nikaelewa kwamba anapima kwanza kama ana baba wa kucheza naye au baba wa kumnyamazia. Siku ya Komunio yake ya Kwanza niliingia kanisani watu wakitoka, nikiwa na sare ya kazi, na katika picha zote nimesimama pembeni kama mgeni mwalikwa.

Mama watoto ni mwalimu wa shule ya msingi. Yeye anaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mimi kutoka zamu ya usiku nafika saa mbili. Nikiwa zamu ya mchana narudi karibu saa saba usiku na yeye amelala. Zipo wiki ambazo mazungumzo yetu yote yako kwenye simu: umelipa ada, gesi imeisha, nunua luku, mama yako anaumwa mguu. Hatujagombana, ila tumefika mahali ambapo hata ugomvi unahitaji watu wawili walio macho kwa wakati mmoja. Likizo yangu ya mwaka, ile ya siku 28, sheria inamwachia mwajiri kupanga lini niichukue, naye hunipa Aprili au Mei wakati wa masika, wageni wakiwa wachache. Shule zikifungwa Juni na Desemba, ambapo mke wangu na mtoto wako nyumbani, hoteli imejaa na mimi siruhusiwi hata kuomba. Kwa miaka sita hatujawahi kupumzika pamoja wiki moja.

Sasa nizungumzie sheria, kwa sababu wengi wetu tunadhani tunaomba hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, inataka mfanyakazi apate saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 mfululizo kila wiki. Kwetu ni jambo la kawaida kufunga zamu saa tano usiku na kufungua saa moja asubuhi inayofuata. Hizo ni saa nane, na ukitoa mzunguko wa gari la wafanyakazi linalomshusha kila mtu kwake, unabaki na saa tano za kulala.

Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na kazi ya siku ya sikukuu hulipwa mara mbili. Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 390,000, yaani kama shilingi 2,000 kwa saa. Nyongeza ya usiku kwangu ni shilingi 100 kwa saa. Hata nauli ya daladala haifikii. Usiku wa tarehe 25 kuamkia 26, ambao wote umo ndani ya sikukuu mbili, nilifanya kazi saa nane, na malipo yake hayakupaswa kupungua shilingi 32,000 hata kabla ya nyongeza hiyo ya usiku. Nilipewa "posho ya sikukuu" ya shilingi 10,000 na ahadi ya siku ya fidia ambayo mpaka leo sijaiona. Ninadai fedha hizo na sitaziacha. Hata hivyo naomba mjadala huu usiishie kwenye fedha, maana hata wangenilipa mara mbili kwa ukamilifu, kikao cha tarehe 26 kisingerudiwa kwa ajili yangu.

Sisemi hoteli zifungwe. Najua mgeni aliyesafiri kutoka mbali anahitaji mtu wa kumfungulia mlango usiku wa Krismasi, kama mgonjwa anavyohitaji muuguzi. Wagumu, yaani wapagazi wanaobeba mahema ya watalii kwenye njia ya Machame ya Mlima Kilimanjaro, huwa mlimani wiki hiyo hiyo, huku ukoo wao ukichinja kijijini chini yao, na uchungu wao ni mkubwa kuliko wangu. Ninachokataa ni mzigo huo kuwaangukia watu wale wale kila mwaka. Katika idara yetu tuko saba. Wawili ambao wana ukaribu na ofisi hawajawahi kufanya kazi tarehe 25 Desemba tangu nianze pale. Mwenzangu mmoja, Mwislamu, alijitolea kwa hiari yake kunishikia Krismasi nami nimshikie Idd, tukaandika na kusaini wote wawili, na supavaiza akakataa akisema kwamba tukianza kupangiana wenyewe atapoteza udhibiti. Idd el Fitr husubiri mwezi kuandama, kwa hiyo ningeelewa kama rosta ya siku hiyo ingebaki na nafasi ya kusogezwa kwa siku moja. Krismasi haisubiri mwezi. Ni tarehe 25 kila mwaka.

Wazee wetu waligawana maji ya mfereji kwa zamu, na kila kaya ilijua siku yake mapema, hata ya mjane asiye na mtu wa kumtetea. Ni watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Leo tuna kompyuta inayojua chumba cha mgeni miezi mitano kabla, na tunashindwa kuandika majina saba kwa haki.

Mwezi huu wa Oktoba tumeandika barua, watu 17 kutoka mapokezi, jikoni na usafi wa vyumba. Tunataka rosta ya Desemba ibandikwe kabla ya tarehe 15 Novemba, aliyefanya kazi Krismasi mwaka huu apumzike mwakani, mabadilishano ya hiari yakubaliwe kwa maandishi, na off iliyokwisha kusainiwa isifutwe bila mhusika kuongea na kukubali. Tunataka pia mambo hayo yaingie kwenye mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, yasibaki kuwa ahadi ya meneja ambaye anaweza kuhamishwa kesho. Kwa upande wa malipo, tusiposikilizwa tutakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, na nakala za rosta zote nimezitunza, ikiwemo ile picha ya tarehe 23.

Wiki ya pili sasa barua haijajibiwa. Vyumba vya tarehe 24 hadi 27 Desemba vimebaki vinne tu, nimevihesabu jana usiku nikiwa zamu, na mzee ameshauliza mara mbili kwa simu kama mwaka huu aniwekee mbuzi wangu wa mwenyeji au awagawie wengine.

Wenzangu mnaofanya kazi za zamu Arusha na Moshi, hotelini, hospitalini, uwanja wa ndege, kwenye ulinzi: kwenu rosta ya Desemba hutoka tarehe ngapi, na kuna mahali ambapo mliweza kuibadilisha? Mlianzia wapi?